Anza na kitenzi, kiima utakipata

Nafundisha tuisheni ya Kiingereza Temeke. Wanafunzi wangu wengi ni wa kidato cha kwanza, wametoka shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili. Ukiwapa sentensi waonyeshe kiima (subject) na kitenzi (verb), mkono unakwenda moja kwa moja kwenye neno la kwanza. Wamekaririshwa kwamba kiima ni mtenda na hukaa mwanzoni. Nawaambia waache hilo, watafute kitenzi kwanza.

Kitenzi hujitaja ukibadili wakati. Chukua "The bus from Kimara stops at Manzese." Ifanye iwe habari ya jana. Neno moja tu linageuka: "stops" inakuwa "stopped". Hicho ndicho kitenzi. Sasa uliza, nini kinasimama Manzese? Basi. Si Kimara, ingawa Kimara ndiyo iliyokaa jirani kabisa na kitenzi.

Ujirani huo unawaponza wengi sana. Kuna binti niliyemwandikia "The price of tomatoes in Kariakoo ... gone up", ajaze pengo. Akajaza "have", kwa sababu nyanya ni nyingi. Sikumsahihisha. Nilimwambia akate kwa penseli kila kipande kinachoanza na "of", "in", "from" au "at". Ikaondoka "of tomatoes", ikaondoka "in Kariakoo", akabaki na bei peke yake. Akafuta "have" akaandika "has" kabla sijafungua mdomo. Penseli hiyo naiamini kuliko kanuni yoyote ya kukariri.

Na hiyo habari ya mtenda? Tazama "The fish was sold at Feri." Samaki hajauza kitu, kauzwa yeye, na bado ndiye kiima. Kwa hiyo swali lifuate kitenzi kilivyo: nini kiliuzwa?

Sisi Waswahili tuna jambo letu la kuangalia zaidi. Kwetu kiima kimeshonwa ndani ya kitenzi. "Inanyesha" ni sentensi kamili. Ndiyo maana mtoto anaandika "Is raining", au anaandika "My father he works at the port", ile "he" ikiwa ni "a" ya "anafanya". Kiingereza kinataka kiima kisimame nje ya kitenzi, na kisimame mara moja tu: "It is raining", "My father works".

Maswali yageuze yawe maelezo. "Does the ferry leave at six?" ikiwa "The ferry leaves at six", kila kitu kinarudi mahali pake. Kwenye amri kama "Close the door", kiima ni "you", hakiandikwi. Na neno lenye "-ing" likisimama peke yake usilihesabu kuwa kitenzi. Katika "Selling fish is hard work", ukienda jana inageuka "is" tu kuwa "was". "Selling fish" ndiyo kiima chenyewe.

Kwa mazoezi, chukua gazeti lolote la Kiingereza, aya moja kwa siku inatosha, na penseli mkononi. Vichwa vya habari viruke kwanza, maana wahariri hupenda kuangusha vitenzi visaidizi kama "is" na "has" ili nafasi itoshe, na mwanafunzi mgeni atatafuta kitu ambacho hakikuandikwa.