Wanapita, Tunapita: Yaliyonikuta na Mwandishi wa Gazeti

Nilisema "wanapita njia za panya." Gazeti likatoka na "tunapita." Mimi nauza mahindi na maharage hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na ndimi katibu wa kikundi chetu cha akina mama, kwa hiyo asubuhi ile, kabla sijafungua gunia la kwanza, simu ilikuwa imeita mara tisa. Mwenyekiti alitangulia: "Katibu, umetuuza?"

Nilimlaumu yule kijana siku nne nzima. Hasira ilipopoa nikakumbuka nilivyoongea. Nilianza na "sisi wafanyabiashara wadogo," nikarukia foleni ya malori, nikarudi kwenye ushuru, nikamalizia na watu wa njia za panya. Nusu saa! Naye alisikiliza Kiswahili, akaandika Kiingereza, na nafasi aliyopewa ilikuwa ya sentensi mbili. Hapa Uganda maneno yetu huvuka mpaka wa lugha kabla ya kufika kwenye karatasi, iwe ni New Vision, Daily Monitor, au Bukedde la Kiluganda. Yanayovuka salama ni machache na mafupi.

Siku hizi mwandishi akipiga simu namuuliza: gazeti gani, habari inahusu nini, utaandika kwa lugha gani, unaitaka saa ngapi? Kisha namwambia, "Mwanangu, nipe nusu saa nitakupigia." Katika nusu saa hiyo natafuta sentensi ambayo nikiikuta peke yake gazetini sitaona haya. Kwa mfano, kuhusu cheti rahisi cha asili ya bidhaa nasema hivi: "Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, kama umezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mama anajaziwa cheti mpakani na halipi ushuru wa forodha. Shida ni kwamba wengi wetu hatukijui." Basi. Akigeuza swali, narudia ileile. Tarakimu namtumia kwa WhatsApp, maana elfu mbili yangu iliwahi kuchapishwa mia mbili.

Halafu kuna "hili usiliandike." Wengi wetu tunamwaga siri kwanza, ndipo tunamwambia asiandike. Imeshamwagika hiyo. Mkubaliane kabla hujafungua mdomo, naye atamke kwamba amekubali. Mimi hata hivyo sijiamini. Nisilotaka afisa wa forodha alisome, silisemi.

Lakini kinachotuponza kuliko vyote ni kimya. Umejibu vizuri, umemaliza, naye anatulia tu, kalamu iko hewani, anakutazama. Sisi tumelelewa kwamba mgeni haachwi akae kimya, basi tunaongeza neno, na neno lile la nyongeza ndilo analoondoka nalo. Mwache atulie. Mmiminie chai. Chai ya kunywa, jamani, si ile nyingine! Akiomba nauli, mimi humwambia kikundi hakina fungu hilo. Wapo wanaonuna, na habari wanaandika vilevile.

Usimwombe akuonyeshe habari nzima, atakuona una jambo unaloficha. Mwombe akusomee maneno yako tu, yale atakayoyatia kwenye alama za kunukuu. Akikosea, mpigie yeye kabla ya kumfuata mhariri. Na kichwa cha habari kikikuchoma usimgombeze. Mara nyingi hutungwa na wahariri ofisini, naye hukiona asubuhi kama wewe.

Yule kijana nilimpigia siku ya tano. Alikuwa bado ameihifadhi sauti yangu kwenye simu, akaja dukani tukaisikiliza pamoja. "Wanapita njia za panya" ilisikika vizuri kabisa. Kikafuata kimya, kikombe kikagonga kisahani, kisha nikajisikia mimi mwenyewe nikicheka: "Sasa tufanyeje, mwanangu? Tunapita tu."

Mwenyekiti bado sijamwambia.