Umeipenda Dar ya mwezi wa sita

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Njombe, nina miaka 59, mwakani nastaafu. Baridi ya huku imenishinda. Kuanzia Mei hadi Agosti magoti yananiuma, nalala na soksi jozi mbili na jiko la mkaa chumbani, na asubuhi nashika ukuta ndipo nisimame. Juni iliyopita nilikuja kwa binti yangu Tabata, nikakaa wiki tatu, magoti hayakuuma hata siku moja. Nimeamua nikipata mafao tuuze nyumba tuhamie huko. Mkwe wangu ameshatuonyesha kiwanja Chanika. Wapo wanaoniambia Tanga kuna utulivu, na shoga yangu aliyefundisha Mtwara ananivuta huko. Mume wangu anasema Mbena hazeeki pwani, kisha ananyamaza. Ana presha, ana parachichi zake, na mama yake mzee yuko kijijini. Nichague wapi? – Mwalimu, Njombe*

Marahaba, mwalimu. Kabla ya Dar, kabla ya Tanga, kabla ya yote, hilo jiko litoke chumbani usiku huu huu. Nilipofika kwenye mstari huo niliweka barua yako chini. Mkaa ukiungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hasikii kikohozi wala kuwashwa macho. Anasikia kichwa kizito, anasinzia, na haamki. Kila msimu wa baridi tunazika watu kwa jiko la namna hiyo, na wengi walidhani mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi basi hauna neno. Una neno. Jiko lipashe chumba joto mchana, milango wazi, jioni litolewe nje. Usiku jaza chupa maji ya moto, izungushie khanga, iweke magotini chini ya blanketi. Niahidi hilo, ndipo tuongee habari ya kuhama.

Sasa nikuambie kilichonigusa kwenye barua yako. Umekuja Dar mwezi wa sita. Mdogo wangu, hiyo ndiyo Dar iliyovaa nguo za sikukuu. Masika imeisha, kusi inavuma kutoka baharini, usiku unavuta shuka, hata feni inazimwa. Mgeni akija Juni akirudi kwao anasimulia peponi. Kaskazi ikishaingia, kuanzia Desemba mpaka Machi, mji ni mwingine. Mchana nyuzi 32 au 33, na usiku wa Februari joto halishuki sana. Tena si nyuzi peke yake. Hewa ya pwani imejaa maji, jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Unaoga saa nne usiku, saa tano umelowa tena.

Nayasema haya kwa sababu nililifanya kosa hilo hilo kwa mama yangu. Mimi ni wa Lushoto, milimani, nimehamia Dar nikiwa msichana. Mama alipozeeka nikamwonea huruma na ukungu wa kule, nikamshusha Julai, nikampa chumba cha mbele. Miezi mitano alifurahi. Februari nikaamka saa nane usiku nikamkuta amekaa kizingitini, miguu ndani ya beseni la maji, khanga imemganda mgongoni. Akaniuliza, "Hivi huku usiku huwa haufiki?" Nilikosa jibu. Machi nikamrudisha kwao, akiwa amekonda, na shamba lake la maharage alikuta ameshapewa mtu mwingine kulima. Hilo la shamba lilimuuma kuliko joto.

Kwa hiyo sikuambii usihame. Magoti yako ni ya kweli. Njombe mjini mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua takriban nyuzi 6. Ndiyo maana ukishuka mpaka baharini unapokea kama nyuzi 12 za ziada, na viungo vilivyokaza vinalegea. Lakini joto linapunguza ugumu na maumivu tu, goti lililosagika halirudishi. Umeshapigwa picha? Hukuandika. Kabla ya kuuza hata bati moja, nenda hospitali ya mkoa wakuangalie. Mtu mwenye magoti yaliyosagika anahitaji mazoezi ya kukaza mapaja, kupunguza uzito kama upo, na dawa aliyoandikiwa na daktari, awe Njombe au awe Mtwara. Na ikibidi, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili unaifikia kwa rufaa bila kuhamia Dar.

Na mwenzio mwenye presha naye apelekwe. Muulizeni daktari dawa anazotumia ni zipi. Zipo dawa za presha zinazomfanya mtu akojoe sana, na kwenye joto la pwani, ukichanganya na jasho, mwili unakaukiwa maji, mtu akisimama anaona kizunguzungu. Asiache dawa wala kupunguza kwa akili yake. Aende akaseme, "Natarajia kukaa sehemu ya joto," basi, daktari atajua la kufanya.

Halafu malaria. Nyinyi wa nyanda za juu hamkuumwa na mbu kama sisi, kwa hiyo mwili wenu haujaizoea. Homa ya kwanza ikipiga huko chini, si ya kusubiri uone kama itapoa, ni ya kwenda kupima siku hiyo hiyo. Chandarua kila usiku, hata Juni.

Nije kwa mume wako. Umeniandikia kurasa tatu, na yeye kapata sentensi moja. "Mbena hazeeki pwani, kisha ananyamaza." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko kurasa zote, kwa sababu baada yake tu, kama jambo dogo, umemtaja mama yake kijijini. Mwalimu, huyo ndiye ananyamaziwa. Mwanaume wa umri huo hasemi, "Nikiondoka nani atamkokea mama moto?" Anasema mambo ya kabila. Na wewe umekasirika ukaona anakudharau magoti. Kaeni chini mkiwa wawili, watoto wasiwepo, mkwe asiwepo, umwulize swali moja: tukienda, mama tunamwachia nani? Usimwambie umeshaamua. Neno "nimeamua" kwenye barua yako limenitisha, kwa sababu nyumba mnayotaka kuuza ni ya watu wawili.

Hilo la kuuza nalikataa kabisa. Mafao yako sehemu tu ndiyo itakuja kwa mkupuo, nyingine ni pensheni ya kila mwezi, na pensheni inakufuata benki popote ulipo. Ule mkupuo ukiuzamisha Chanika na nyumba ya Njombe ukaiuza, Februari ikikushinda unarudi wapi? Kwa nani? Kiwanja hicho usikinunue kwa picha za simu wala kwa maneno ya dalali. Simsemi mkwe wako vibaya, nadhani ana nia njema, anataka muwe karibu. Lakini fedha ni yako, kwa hiyo miguu iwe yako. Nenda Aprili mvua ikinyesha uone maji yanapita wapi. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, uulize kama kimepimwa na ni cha nani, ndipo uende serikali ya mtaa na kwa majirani. Na panda daladala kutoka hapo mpaka Tabata saa kumi na moja jioni ukiwa umesimama, magoti hayo hayo, ndipo uniambie kama Chanika ni karibu na binti yako.

Nikueleze na hiyo miji mingine. Mtwara ni pazuri, watu wake wakarimu, lakini mngekuwa mbali na kila mtu wenu, mbali na mama mkwe na mbali na Tabata, mnategemea shoga mmoja. Shoga naye anaweza kuhama. Tanga ndiyo roho yangu, sikufichi. Mji umetulia, mitaa ya Ngamiani imenyooka ina namba, baiskeli zinapita bila kugombana na magari, hospitali ya Bombo inatazama bahari. Ungekuwa wa Korogwe ningekuambia shuka kesho. Lakini kutoka Njombe unapita Morogoro, unakuja Chalinze, ndipo unakunja kupanda Segera, safari juu ya safari. Na kaskazi ya Tanga haina tofauti na ya Dar.

Hukuutaja mji ambao basi lako linaupita kila ukija huku. Morogoro. Upo kama mita 500 tu juu ya bahari, ina maana ni nyuzi 9 hivi zaidi ya kwenu, na hewa yake haina ule unyevu wa Dar. Januari kuna joto, nisikudanganye, ila Julai usiku unajifunika blanketi moja na soksi huzihitaji. Mboga za Mgeta zinashuka sokoni kila siku. Chuo cha kilimo cha Sokoine kipo hapo hapo, baba parachichi atapata wa kuongea nao. Kutoka Njombe ni kilomita 500 na ushee, barabara moja, unashuka Msamvu. Na tangu Juni 2024 kuna treni ya umeme, binti yako anapanda Dar na hayajapita masaa mawili yupo kwenu na wajukuu. Mkipanga, tafuteni upande wa Bigwa au Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, kuna upepo kidogo. Kihonda ni tambarare, jua lake ni jua.

Nimesema mkipanga. Sikusema mkinunua. Na sikusema mkihama moja kwa moja, maana nimekaa na barua yako siku mbili na nimeona kitu ambacho huenda wewe huoni kwa kuwa uko ndani ya baridi. Miezi inayokuumiza wewe ndiyo miezi mizuri huku chini. Na miezi inayotuchemsha sisi, Desemba mpaka Machi, huko kwenu ni mvua, kijani, viazi, hali ya hewa ambayo watu wa Dar wangeilipia. Sasa kwa nini ukae mahali pamoja mwaka mzima? Mwisho wa Mei funga mlango wa Njombe, shuka. Mwanzoni mwa Septemba panda. Miezi mitatu ya kodi ya vyumba viwili hailingani na kiwanja, na nyumba yenu inabaki yenu. Mama mkwe anaachwa na wifi yako kwa miezi mitatu, si milele, na jambo la miezi mitatu mwanaume anaweza kulisema kwa mama yake bila kuinamisha kichwa.

Kuna tatizo moja na nalijua. Mahindi ya huko yanavunwa kipindi hicho hicho, na parachichi haziwasubiri. Pengine baba atakuja wiki mbili, arudi shamba wiki tatu, aje tena. Mtaachana kidogo. Baada ya miaka yote ya ndoa sidhani kama itawavunja, ila lisemeni mapema, asije akaona umemkimbia.

Fanya hivi. Likizo ya Desemba hii, usije na zawadi ukakaa kama mgeni. Njoo Tabata na mume wako, mkae mpaka wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, mlale chumba kisicho na kiyoyozi, uende sokoni saa saba mchana, ufue, upike. Njia nzima utaiona: mkishateremka Kitonga, pale Ruaha Mbuyuni kwenye wauza vitunguu, abiria wa kwenu wote wanavua masweta. Mwangalie baba akivua la kwake. Mkirudi, mshuke Msamvu mlale Morogoro siku mbili tatu. Ndipo mzungumze, na yeye aanze.

Na kama baada ya hapo bado ni Dar unayoitaka, pamoja na Januari yake, niandikie. Nitakusaidia kutafuta vyumba karibu na binti yako, sakafu ya chini, pasipo na ngazi. Jiko umeshalitoa?

– Shangazi