Kabla Hujamwita Mwanao Mvivu wa Kuamka

Nyumbani kwetu ugomvi mkubwa si wa pesa, ni wa saa ya kuamka. Mama mkwe wangu akishaswali alfajiri halali tena. Saa kumi na moja na nusu fagio la chelewa liko uani, chini kabisa ya dirisha la binti yangu wa kidato cha tatu. Binti naye, saa tano usiku ndiyo kwanza macho yanamng'aa. Bibi anasema mjukuu ni mvivu, kamrithi mama yake. Mjukuu anasema anaonewa. Nimekaa katikati yao miaka mingi, kwa hiyo mzazi mwenye vita kama hii nina la kumwambia.

Katika habari ya kurithi, bibi hajakosea sana. Kila mwili una saa yake ya ndani, nayo inaendeshwa na jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuchambua saa hiyo ndani ya inzi wadogo, wale wanaozengea maembe yaliyoiva. Jeni huagiza protini itengenezwe, protini inajazana ndani ya seli usiku, ikizidi inaizima jeni ileile iliyoiagiza, halafu inaisha taratibu na kazi inaanza upya. Mzunguko mzima huchukua takriban saa 24. Na sisi tuna jeni za namna hiyo. Huko Utah, Marekani, kuna ukoo ambao baadhi ya watu wake walikuwa wakizidiwa na usingizi saa moja na nusu usiku na kuamka saa kumi na nusu alfajiri, watake wasitake. Mwaka 2001 chanzo kilijulikana: badiliko dogo kwenye jeni moja iitwayo PER2.

Ila usikimbilie kusema basi, ndivyo alivyozaliwa. Watu kama wale ni nadra. Kwa wengi wetu kazi hiyo imegawanyika kwenye jeni nyingi mno, kila moja ikisukuma kidogo. Utafiti uliotoka 2019, wa watu karibu 700,000, ulipata sehemu 351 za vinasaba zinazohusiana na kuwa mtu wa asubuhi. Walipolinganishwa asilimia 5 waliorithi nyingi zaidi na asilimia 5 waliorithi chache zaidi, saa zao za kulala zilipishana kwa wastani wa dakika 25. Dakika 25! Bibi na mjukuu wake wanapishana karibu saa tatu.

Sehemu kubwa ya saa hizo ni umri. Mtoto akibalehe, saa ya mwili huanza kuchelewa, na huzidi kuchelewa hadi anapokaribia miaka 20. Baada ya hapo hurudi polepole, mpaka uzeeni mtu anamtangulia jogoo. Kwa hiyo bibi na mjukuu hakuna anayemkomoa mwenzake, ingawa lile fagio bado nina mashaka nalo.

Kinachobaki ni mwanga, na hapa ndipo mzazi ana nafasi. Mwaka 2013 Kenneth Wright wa Chuo Kikuu cha Colorado na wenzake walichapisha matokeo ya watu wanane waliopiga kambi milimani kwa wiki moja. Hawakuwa na simu wala tochi, jua na moto wa kuni tu. Saa zao za mwili ziliwahi kwa takriban saa mbili, na waliosogea zaidi ni wale wakeshaji.

Mimi sina mlima wa kuwapeleka. Nilichofanya ni kuzima ile taa nyeupe ya sebuleni baada ya chakula cha usiku na kuacha balbu moja ya njano. Simu zote zinachajiwa chumbani kwangu, yangu ikiwemo, la sivyo usingekuwa uamuzi bali uonevu. Asubuhi binti anakunywa chai barazani, juani, badala ya kuinywa chumbani pazia zimefungwa. Jumamosi anaachwa alale, lakini si mpaka adhuhuri, maana akifika huko Jumatatu anaamka kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Hajawa mtu wa alfajiri. Analala saa nne na nusu, na mimi nimeridhika.

Lakini kwa nini mageuko ya viumbe yaliacha tofauti zote hizi? Mtafiti David Samson na wenzake walikwenda kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wakawafunga watu wazima 33 vifaa vya kupima usingizi mkononi kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Vijana walichelewa kulala, wazee waliwahi kuamka. Mwaka 2017 waliandika kwamba huenda tofauti hizo ziliwasaidia wazee wetu wa kale: kundi lilikuwa na walinzi usiku kucha bila mtu kupangiwa zamu. Hiyo ni dhana. Visa vya mageuko ni rahisi kusimulia na vigumu kuthibitisha, lakini walau hizi dakika 18 zilipimwa.

Nilikumbuka hilo baba mkwe alipokuwa akiuguzwa nyumbani. Binti alikaa naye hadi saa saba usiku bila kusinzia, bibi akashika kuanzia saa tisa, nami nikaziba pengo la katikati. Hakuna aliyelalamika. Ukiwa na mgonjwa au mtoto mchanga, gawa zamu kwa kuangalia saa ya mwili ya kila mtu, usigawe kwa cheo.

Kujua mwanao ni wa upande gani, mwangalie wiki za mwisho za likizo ndefu, akiwa hana wa kumwamsha. Kama amezoea kuelewa masomo usiku, usimlazimishe prepo ya saa kumi alfajiri kwa sababu tu wewe ndivyo ulivyosoma. Na kama analala saa za kutosha lakini mchana kutwa anasinzia, anakoroma sana, au ghafla hataki kutoka kitandani wala kuona watu, hayo si ya taa wala jeni za bibi. Mpeleke hospitali akapimwe.