Mkanda wa Camry unaokwama katikati ya reli

SWALI: Fundi, hujambo? Niko Marekani, natumia Toyota Camry ya 1990 yenye mikanda ya usalama inayojivuta yenyewe kwenye reli iliyo juu ya mlango. Nikifunga mlango na kuwasha gari, mkanda wa dereva unafika nusu ya njia unasimama, ila mota nasikia inalia. Ninunue mota mpya?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Mota usinunue. Ikiwa inalia, umeme unaifikia na inazunguka, kwa hiyo ubovu uko mbele yake. Mota hiyo husukuma utepe wa plastiki wenye meno ndani ya reli, na utepe ndio unaobeba mkanda. Kwa umri wa gari lako plastiki imekauka. Chomoa waya hasi wa betri, fungua kava ya nguzo iliyo nyuma ya mlango, utazame kwenye gia. Ukikuta meno yamelika au utepe umekatika, ndiyo hiyo.

Lakini usifunge utepe mpya upesi. Kila mwisho wa reli pana swichi ndogo inayoiambia mota isimame. Ikichafuka, mota huweza kuendelea kusukuma hata mkanda ukishafika, na meno ya utepe mpya yataliwa vilevile. Zisafishe. Reli nayo ipigie brashi utoe mchanga, kisha pulizia silikoni kidogo. Grisi hapana, inashika vumbi.

Mota ingekuwa kimya, ningekutuma kwenye fyuzi, kisha swichi ya mlango.

Sasa kuna jambo linalonitia hofu kuliko utepe. Mikanda hii ilienea baada ya serikali ya Marekani, mwaka 1984, kuagiza magari yawe na kinga isiyongoja abiria ajifunge. Kampuni nyingi zikaichagua kwa kuwa mifuko ya hewa ilikuwa ghali. Unaojivuta ni wa begani tu. Wa kiunoni unaufunga kwa mkono, na wengi huusahau. Gari likigonga, mwili huteleza chini na mkanda wa begani hukaba shingo. Ufunge kila safari, hata ya dukani. Na mkanda usipofika nyuma kabisa, usiendeshe.

Kwa spea, tafuta reli na mota yake pamoja, upande uleule, kutoka Camry ya Marekani ambayo haikupata ajali. Usimsumbue ndugu aliye Dubai: mfumo huu ulitengenezwa kwa ajili ya soko la huko uliko.