Pikipiki ya Mombasa ikifika Nairobi

Ndugu, umesema pikipiki ilikuwa sawa Mombasa, lakini tangu uilete Nairobi inatoa moshi mweusi, na ukipanda Limuru inakosa nguvu. Usikimbilie kufungua injini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kwa takriban asilimia 15. Kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haijui hilo, inaendelea kumwaga petroli ileile, kwa hiyo mafuta yanazidi hewa. Limuru ni juu zaidi, ndiyo maana huko inazidiwa.

Toa plagi, ile inayotoa cheche kwenye injini, uiangalie. Ikiwa na masizi makavu meusi, basi ni mafuta kuzidi hewa. Safisha kwanza kichungi cha hewa, maana kikiziba huleta dalili zilezile. Kisha badilisha jeti kuu, kile kipande chenye tundu dogo kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, uweke iliyo ndogo kwa namba moja, upige safari, uangalie plagi tena: unatafuta rangi ya kahawia hafifu. Ikisumbua katikati ya mwendo, pandisha klipu ya sindano ya kabureta mkato mmoja, ili sindano ishuke na kupunguza petroli. Skrubu ya hewa ya kabureta ni ya mwendo wa chini tu, haitakusaidia mlimani.

Nguvu yote ya Mombasa hairudi, hewa yenyewe haitoshi. Na tafadhali sana, jeti ya zamani usiitupe. Siku ukiteremka pwani irudishe kabla hujaondoka, kwa sababu petroli ikipungua injini inachemka, na nimeona pistoni iliyotoboka katikati kwa sababu hiyo.