Kubadili rangi ya glezi kwa oksidi: weka kijiko chini, chukua mizani

Glezi, ule ute unaopakwa juu ya chombo cha udongo na ukichomwa unakuwa kama kioo, unayo tayari, inakaa vizuri kwenye chombo, haivuji, haipasuki, shida yako ni rangi tu. Unataka ile angavu iwe bluu, au ile nyeupe ishike ukijani kidogo. Ushauri wangu wa kwanza kabla ya yote ni kwamba usichote oksidi, yaani ule unga wa madini unaotia rangi, kwa kijiko. Mi nilichota. Nilikuwa na ndoo ndogo ya glezi angavu, nikataka bluu nyepesi ya asubuhi, nikatia vijiko vitatu vya oksidi ya kobalti nikakoroga, nikachovya vyombo kumi na moja vya oda ya mtu, nikachoma. Vyote vikatoka vyeusi, ukivigeuza kwenye jua ndo unaona kwa mbali kuna ubluu. Nililia kweli, kwasababu ile kazi ilikuwa ya wiki mbili.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba kobalti ina nguvu kuliko karibu kila kitu utakachotia kwenye glezi. Robo ya asilimia tu tayari unaona bluu, nusu asilimia ni bluu ya kueleweka, asilimia moja imekolea kabisa, ukipita hapo unaelekea kwenye weusi. Na oksidi ukishaitia huwezi kuitoa, dawa pekee ni kuizimua kwa glezi isiyo na rangi. Ndoo yangu ilikuwa karibu asilimia tatu, kwa hiyo kikombe kimoja cha ile nyeusi nilikichanganya na vikombe vitano vya glezi safi ya uzito uleule ndo nikarudi kwenye nusu asilimia. Hesabu hiyo ilinipa ndoo za bluu za kutosha muda mrefu sana.

Sasa hizo asilimia ni za nini, hapa ndo wengi wanapotea na hata mimi nilipotea. Sio asilimia za ndoo na maji yake. Ni za unga mkavu uliomo ndani ya ndoo. Ukitengeneza glezi mwenyewe ni rahisi, unga wa gramu 1000 unatia gramu 5 za kobalti, hiyo ni nusu asilimia, inaongezwa juu ya mia na sio kutolewa ndani yake. Lakini kama glezi imeshakorogwa na maji, au umeinunua ya maji, unajuaje unga ni kiasi gani? Pima lita moja kamili kwenye mizani. Maji matupu lita moja ni gramu 1000, glezi itakuwa nzito zaidi, tuseme gramu 1450. Toa 1000, inabaki 450, zidisha kwa 1.6, unapata 720, yaani kwenye ile lita kuna kama gramu 720 za unga mkavu. Asilimia moja yake ni gramu 7.2. Hesabu yenyewe ni ya zamani, ilitoka kwa Mfaransa Alexandre Brongniart aliyesimamia kiwanda cha kauri cha Sèvres, na mpaka leo inafanya kazi. Ila nunua mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, ile ya jikoni inayoruka gramu mojamoja haitakusaidia kwa kobalti.

Kingine, angalia kwenye kopo umenunua nini, oksidi au kaboneti. Oksidi ya kobalti ni nyeusi na ina kobalti nyingi zaidi, kaboneti ni ya zambarau hivi na ni dhaifu kidogo, unahitaji kama mara moja na nusu kupata bluu ileile. Mi napenda kaboneti kwasababu unga wake ni laini, unasambaa vizuri. Oksidi ukiitia bila kuisaga na maji kwanza na kuipitisha kwenye chujio la namba 80 (matundu 80 kwa kila inchi) mara mbili, itakuachia vidoadoa vya bluu kali kila mahali. Wapo wanaovitaka vile vidoadoa, sawa, lakini viwe vya kukusudia. Alafu usihukumu rangi kwa ulichokiona kwenye ndoo, glezi yenye oksidi ya chuma inaonekana kama matofali yaliyosagwa na ikichomwa inakuwa asali au kahawia.

Chuma ndo rafiki wa mtu anayeanza. Oksidi nyekundu ya chuma, asilimia 2 unapata umanjano wa asali, 5 inakuwa kahawia ya kung'aa, 8 mpaka 10 unafika kwenye kahawia nzito hadi nyeusi. Ukikosea asilimia moja hakuna msiba. Na ukiwa na bluu ya kobalti inayopiga kelele sana, tia asilimia 1 au 2 ya chuma pamoja nayo, inatulia, inakuwa bluu ya mtu mzima. Mi siku hizi karibu sitii kobalti peke yake.

Shaba ina tabia nyingine kabisa na ndo iliyonifundisha kwamba rangi haiko kwenye unga peke yake. Kaboneti ya shaba asilimia 2 kwenye glezi yangu ya kawaida ilinipa kijani cha majani. Unga uleule, kipimo kilekile, nikautia kwenye glezi yenye sodiamu nyingi na alumina (ile inayoifanya glezi isitiririke) kidogo, ikatoka feruzi, nikadhani nimechanganya makopo. Kumbe glezi ya msingi ndo inaamua. Na moto nao unaamua, tanuri la umeme lenye hewa ya kutosha linakupa kijani, tanuri la gesi ukilibana hewa shaba hiyohiyo inaweza kuwa nyekundu kama damu. Hata kobalti ambayo haibadiliki ovyo, ikikutana na magnesiamu nyingi, mfano glezi yenye talki, inavutwa kwenye zambarau. Kwa hiyo ukipewa kipimo na mtu muulize kwanza glezi yake ina nini na anachomaje, bila hivo namba yake haikufai. Shaba ukizidisha, kuanzia asilimia 5 kwenda juu, inaleta weusi wa chuma chuma na glezi inaanza kuteremka, nimeshabandua vyombo kwenye rafu ya tanuri kwa patasi.

Kromu ni kijani kizito, asilimia 1 inatosha, ila glezi ikiwa na zinki inageuka kahawia, na ikiwa karibu na glezi nyeupe ya bati inairushia pinki. Nilipata jagi jeupe lenye shavu la waridi upande mmoja tu, ule uliokuwa unatazamana na bakuli la kromu.

Njia ya kujaribu bila kupoteza ndoo ni hii. Tenga vikombe viwili vya glezi yako, kimoja kisiwe na kitu, kingine kitie kiwango cha juu unachofikiria, mfano shaba asilimia 4. Kisha changanya kwa vijiko (hapa kijiko kinaruhusiwa maana vimiminika vyote vina uzito uleule): vinne vya safi bila ya rangi, vitatu kwa kimoja, viwili kwa viwili, kimoja kwa vitatu, mwisho vinne vya rangi tupu. Umepata 0, 1, 2, 3 na 4 kwa kupima mara moja. Chovya vigae vitano vya udongo wako uleule unaotumia, nusu ya juu ichovye mara mbili uone unene unafanya nini, visimamishe wima ili uone kama glezi inakimbia, na nyuma andika namba kwa oksidi ya chuma iliyokorogwa na maji, kalamu ya kawaida inaungua.

Vaa barakoa ya vumbi kila unapofungua haya makopo, hasa la manganizi (unga mwingine wa kutia rangi), na tanuri likichoma manganizi usikae chumba kimoja nalo kwasababu mvuke wake unaharibu mishipa ya fahamu. Na kama chombo ni cha kulia au kunywea, weka kipande cha limau juu ya glezi kilale usiku kucha. Asubuhi ukiona pamebadilika rangi, hicho ni cha maua. Pasipobadilika bado haijathibitisha usalama, kipimo cha uhakika ni cha maabara, na mpaka nikipate glezi zangu za shaba nazipaka nje tu, ndani ya kikombe naacha ile angavu isiyo na kitu.