Jibu: Kwa nini Wahuron hawakuwafukuza mapadre?

Mkuu, umeuliza kwa nini Wahuron, wenyeji wa asili wa eneo ambalo leo ni Kanada, waliendelea kuishi na Wajesuiti, mapadre Wakatoliki kutoka Ufaransa, huku wakiwashuku uchawi. Kikubwa ni biashara. Walikuwa wakiwauzia Wafaransa ngozi za manyoya na kupata mashoka na masufuria, na Wafaransa walitaka mapadre wao wapokewe. Kumuua padre kungevunja soko lote.

Na shaka yao ilikuwa na mantiki, tusiwacheke. Miaka ya 1634 hadi 1640 maradhi, ndui ikiwemo, yaliua karibu nusu ya watu. Mapadre walikimbilia kubatiza watoto mahututi, kisha watoto wakafa. Wewe ungefikiri nini? Mabaraza yalijadili hata kuwaua. Jean de Brébeuf, mmoja wa mapadre hao, aliuawa 1649, lakini mikononi mwa Iroquois, maadui wa Wahuron.